Mafunzo kwa Vitendo kwa Watafiti: Nini Huifanya Warsha Ifae?

Makala haya yanajadili kinachoamua iwapo warsha ya mafunzo kwa vitendo itamjengea mtafiti stadi mpya au itaishia kwenye cheti. Hoja yetu ni kwamba ufanisi wa warsha hautokani na wingi wa mada. Hutokana na nafasi anayopewa mshiriki ya kutenda, kukosea, kusahihishwa, na kurudia zoezi baada ya muda kupita.

Ushahidi wa kututahadharisha ulitolewa mwaka 2017 nchini Marekani na David Feldon na wenzake, waliowafuatilia wanafunzi 294 wa shahada ya uzamivu katika sayansi za uhai kutoka vyuo 53. Waliohudhuria mafunzo ya muda mfupi hawakuonekana kuwazidi wenzao wasiohudhuria, si katika stadi za utafiti wala katika machapisho ya kitaaluma. Matokeo hayo yanaafikiana na kanuni inayofahamika katika saikolojia ya ujifunzaji: mazoezi yaliyorundikwa katika siku chache husahaulika upesi kuliko yaliyopewa nafasi kati yake.

Afrika imekwisha kujaribu njia nyingine. Mwaka 2016, mtandao wa H3ABioNet uliendesha kozi ya utangulizi wa bioinfomatiki kwa miezi mitatu, kwa washiriki 364 katika taasisi 20 za nchi 10. Mihadhara ilirekodiwa mapema ili udhaifu wa intaneti usiwe kikwazo. Washiriki walikutana katika vituo vyao kufanya mazoezi pamoja, wakiwa na wasaidizi papo hapo.

Ndani ya darasa pia kuna mbinu zisizo na gharama kubwa. Katika warsha za Software Carpentry, mradi ulioanza mwaka 1998, mkufunzi huandika programu hatua kwa hatua, nao washiriki humfuata kwenye kompyuta zao. Kila mmoja huwa na vikaratasi vya rangi mbili: kimoja huonyesha kwamba amemaliza, kingine kwamba amekwama. Hivyo aliyekwama husaidiwa bila kulazimika kunyosha mkono mbele ya wenzake.

Kwa washauri wa sera, tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, sehemu ya bajeti itengwe kwa ajili ya ufuatiliaji baada ya warsha, hata ikibidi kupunguza siku za ukumbini. Pili, mafanikio yasipimwe kwa orodha ya mahudhurio, bali kwa kazi ambayo mtafiti anaweza kuifanya peke yake, kwa data zake mwenyewe, miezi kadhaa baadaye.