Kuandaa Mswada wa Makala ya Kitaaluma: Data za Kiswahili kutoka Rumonge na Mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kuandaa mswada wa makala ya kitaaluma pale data zinapotoka katika eneo ambamo tamaduni kadhaa za uandishi zinakutana. Eneo linalotumiwa kuwa mfano ni Rumonge na mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, ambako Kiswahili kinatumika pamoja na Kirundi na Kifaransa. Hoja kuu ni kwamba umbo la mswada ni sehemu ya ushahidi wa makala. Alama, nafasi, tarakimu na tahajia zisipoamuliwa na mwandishi, zitaamuliwa na programu ya kompyuta au na mhariri aliye mbali na ziwa, na data zitabadilika bila mtu kukusudia. Makala inapendekeza kwamba mwandishi aonyeshe kazi ya kila kipashio katika mswada, aliachie jarida suala la mwonekano, na aambatishe maelezo mafupi ya maamuzi aliyoyafanya.

Istilahi muhimu: mswada, upangaji wa kurasa, tahajia, ukataji wa maneno, Rumonge

1.0 Utangulizi

Mji wa Rumonge uko kusini mwa Bujumbura, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ni mji wa uvuvi, soko na mawese, na ni miongoni mwa sehemu za Burundi ambamo Kiswahili kina wazungumzaji wa muda mrefu. Ziwa lenyewe linamilikiwa na nchi nne: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Hivyo, samaki mmoja huvuliwa, huuzwa na huitwa kwa majina tofauti katika mialo tofauti.

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wasomi wake wamekuwa na sababu zaidi ya kuandika kwa Kiswahili na kuyaelekea majarida ya eneo hili, kama vile Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msomi wa Burundi aghalabu amesomeshwa kwa Kifaransa, anaandika Kirundi kwa tahajia yake, na anapeleka makala kwa wahariri waliozoea desturi za uandishi zilizoathiriwa na Kiingereza. Kila upande una kanuni zake, na kanuni hizo hazikubaliani katika mambo ambayo jicho huyapita upesi.

2.0 Kazi ya mwandishi na kazi ya jarida

Historia ya upangaji wa kurasa kwa kompyuta ina funzo linalofaa hapa. Mwaka 1977 Donald Knuth, mwanahisabati na mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Stanford, hakuridhika na prufu za toleo jipya la kitabu chake. Alianza kutunga programu ya TeX ili mwandishi mwenyewe aweze kudhibiti ukurasa. Katika miaka ya 1980 Leslie Lamport alijenga LaTeX juu ya msingi huo. Jarida la TUGboat, linalotolewa na chama cha watumiaji wa TeX tangu mwaka 1980, hupokea kutoka kwa waandishi mafaili ya matini yenye amri, wala haliridhiki na picha ya kurasa zilizokwisha kupangwa.

Msingi wa utaratibu huo ni mgawanyo wa kazi. Mwandishi husema kipashio fulani ni nini: kichwa cha sehemu, mfano wa lugha, jina la kisayansi, nukuu. Jarida huamua kipashio hicho kitaonekanaje. Mgawanyo huu unawezekana hata kwa mwandishi asiyetumia LaTeX, kwa kuwa programu za kawaida za kuandikia nazo zina mitindo yenye majina.

Umuhimu wake unaonekana katika neno mukeke. Katika makala moja, neno hili laweza kuandikwa kwa herufi za mlazo kwa sababu tatu: ni data inayojadiliwa, linatiliwa mkazo, au liko karibu na jina la kisayansi Lates stappersii, ambalo nalo huandikwa kwa mlazo. Mwandishi akiweka mlazo tu, mhariri hawezi kuzitenganisha sababu hizo. Akitunga mtindo mmoja wa maneno ya data na mwingine wa majina ya kisayansi, tofauti itabaki hata mlazo ukiondolewa wakati wa kupanga kurasa.

3.0 Neno la mwalo na hatari ya kusahihishwa

Samaki anayeitwa mukeke Rumonge huitwa mgebuka Kigoma. Dagaa wa Kiswahili sanifu ni ndagala kwenye mwambao wa Burundi, jina linalokaribiana na indagara ya Kirundi. Kwa mtafiti wa lahaja, tofauti hizi ndizo matokeo yenyewe. Kwa programu ya kusahihisha tahajia ni makosa, na kwa mhariri mwenye haraka ni upungufu wa usanifu.

Mabadiliko ya namna hii hayaachi alama. Ndagala ikigeuzwa kuwa dagaa katika nukuu ya mvuvi, sentensi inabaki sahihi kisarufi na hakuna msomaji atakayeshtuka. Lakini atakayeitumia makala hiyo kutunga kamusi au kuchora ramani ya lahaja atahitimisha kwamba mvuvi wa Rumonge alitamka neno la Kigoma au la Dar es Salaam. Mtu aliyetoa maneno yake atakuwa amewekewa kinywani maneno ya mwingine.

Kinga yake ni hatua tatu. Kwanza, usahihishaji wa kujiendesha uzimwe kabla data hazijaingizwa. Pili, kila kifungu kitambulishwe kwa lugha yake ndani ya programu. Misimbo ya kimataifa ni sw kwa Kiswahili na rn kwa Kirundi. Tatu, maneno ya mwalo yaorodheshwe katika jedwali moja pamoja na maana zake, ili mhariri ajue kwamba tahajia hiyo imekusudiwa.

4.0 Alama ndogo zenye kazi kubwa

4.1 Ritifaa

Katika Kiswahili ritifaa ni sehemu ya herufi: ng'ombe si ngombe. Katika Kirundi ritifaa huonyesha irabu iliyodondoshwa na hutenganisha maneno mawili, kama katika amazi y'ikiyaga, yaani maji ya ziwa. Makala inayonukuu lugha zote mbili ina alama moja inayofanya kazi mbili zinazopingana. Programu ikihesabu maneno, itaigawa ng'ombe vipande viwili au itaiunganisha y'ikiyaga kuwa neno moja.

Mfumo wa Unikodi una ritifaa inayohesabiwa kuwa herufi, U+02BC, na nyingine inayohesabiwa kuwa alama ya uakifishi, U+2019. Mwandishi anaweza kutumia ya kwanza kwa Kiswahili na ya pili kwa Kirundi. Jarida lisipoweza kuzipokea zote mbili, itumike moja kwa uthabiti, na maana za maneno zifungwe kwa alama za nukuu mbilimbili ili zisichanganywe na ritifaa.

4.2 Toni za Kirundi

Tahajia ya kawaida ya Kirundi haionyeshi toni. Neno inda laweza kuwa tumbo au chawa, na ni matamshi yanayoamua. Mwanaisimu anayelinganisha Kirundi na Kiswahili hulazimika kuweka alama juu ya irabu. Irabu yenye alama yaweza kuhifadhiwa kama herufi moja kamili au kama irabu ikifuatwa na alama ya peke yake. Machoni ni kitu kimoja, lakini utafutaji wa neno waweza kushindwa, na katika fonti dhaifu alama huangukia herufi ya jirani. Umbo moja lichaguliwe kwa mswada mzima, na fonti ijaribiwe kwa maneno magumu kabla ya kutuma.

4.3 Nafasi na tarakimu

Desturi ya Kifaransa huweka nafasi kabla ya alama za kuuliza, za mshangao na nukta mbili. Nafasi hiyo ikiwa ya kawaida, mistari ikipangwa upya alama ya kuuliza huweza kuanguka mwanzoni mwa mstari unaofuata. Majarida mengi ya Kiswahili hayaiweki, hivyo iondolewe mapema.

Tarakimu zina hatari kubwa zaidi. Katika jedwali la samaki waliopimwa mwaloni, 1,500 ni elfu moja na mia tano kwa msomaji wa desturi ya Kiingereza, lakini ni moja na nusu kwa msomaji wa Kifaransa. Njia salama ni kuandika 1500 bila kitenganishi, kutaja kipimo katika kichwa cha safu, na kueleza mara moja ni alama gani inayotenganisha sehemu za desimali.

Saa nazo zinahitaji uangalifu huohuo. Uvuvi wa ndagala hufanyika usiku kwa taa. Mvuvi akisema aliingia ziwani saa moja, ni 19:00 kwa saa za ofisini. Maneno yake yabaki yalivyo katika nukuu, na jedwali litumie mfumo wa saa 24. Vinginevyo safari ya jioni itasomeka kuwa ya usiku wa manane.

5.0 Ukataji wa maneno na upangaji wa mifano

Kurasa za safu mbili, kama zile za TUGboat, zina mistari mifupi, na maneno marefu ya Kiswahili hulazimika kukatwa. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu: ku-ta-nda-za, wa-vu-vi. Kanuni za Kiingereza zikitumika, neno la kwanza laweza kukatwa kutan-daza, na msomaji akakwama. Maneno ya mkopo yana silabi funge, kama dak-ta-ri na mak-ta-ba. Silabi ya m peke yake, kama katika m-tu-mbwi, isiachwe ukingoni mwa mstari. Mwandishi aandae orodha ya maneno marefu yanayojirudia yakiwa na vistari mahali yanaporuhusiwa kukatwa. TeX huipokea orodha hiyo moja kwa moja, na mhariri anayetumia programu nyingine ataifuata kwa mkono.

Mifano iliyochanganuliwa kimofolojia isipangwe kwa kubonyeza kitufe cha nafasi. Katika mfano a-li-vu-a ndagala, mofimu nne za kitenzi zinapaswa kuwa na fafanuzi nne chini yake, kama Kanuni za Leipzig zinavyoelekeza. Fonti ikibadilika, nafasi za mkono huhama na ufafanuzi wa kitenzi huangukia nomino. Jedwali lisilo na mistari, au amri za LaTeX zilizokusudiwa kazi hiyo, hushikilia kila kitu mahali pake.

6.0 Majina ya waandishi

Warundi wengi hawana jina la ukoo linalorithiwa na watoto wote, na katika nyaraka za Kifaransa jina la Kirundi hutangulia. Waislamu wa mwambao mara nyingi huitwa kwa jina la mtu likifuatwa na la baba yake. Programu za marejeleo hudhani kwamba neno la mwisho ni la ukoo. Matokeo yake, mwandishi mmoja huorodheshwa kwa majina mawili na kazi zake huonekana kuwa za watu wawili. Mwandishi aliamue jina lake la kitaaluma mara moja, na alieleze jarida sehemu ipi itangulie katika orodha.

7.0 Hitimisho

Mswada ulio tayari kutumwa una mafaili matatu: matini yenye mitindo, nakala ya PDF inayoonyesha alama zilivyokusudiwa kuonekana, na ukurasa mmoja wa maelezo kuhusu tahajia, ritifaa, toni, tarakimu, saa na majina. Ukurasa huo ndio mkataba kati ya mwandishi na mhariri. Prufu zikirudi, zilinganishwe kwanza na rekodi za uwandani, nukuu kwa nukuu, kabla ya kusomwa kwa ajili ya mtiririko. Makosa ya mtiririko humwaibisha mwandishi peke yake, ilhali neno lililobadilishwa katika nukuu hupotosha ushahidi wa mzungumzaji ambaye huenda asiione makala kamwe.