RAHISI GHALI: Kubana matumizi kulivyoitoa Boeing ya Qantas nje ya njia

Kampuni inapotangaza kuwa imebana matumizi, wenye hisa hufurahi, kwani gharama ikishuka gawio hutarajiwa kupanda. Wachache huuliza swali la pili: hicho kilichopunguzwa kilikuwa kinafanya kazi gani? Ajali iliyoipata ndege ya shirika la Qantas la Australia mjini Bangkok, Thailand, Septemba 23, 1999, inaonyesha kuwa swali hilo lina thamani ya fedha.

Wakati huo Qantas ilikuwa mgeni sokoni. Mwaka 1993 British Airways ilinunua asilimia 25 ya hisa zake, na mwaka 1995 serikali ya Australia ikauza zilizobaki kwa umma. Kenya Airways ilipita njia hiyohiyo mwaka 1996: KLM ya Uholanzi ilichukua asilimia 26, kisha wananchi wakauziwa hisa kupitia Soko la Hisa la Nairobi. Shirika likishaingia sokoni hupimwa kwa tarakimu, na wasimamizi wake hupekua kila kona kutafuta gharama ya kupunguza. Qantas iliona kona mojawapo katika namna ndege zake zinavyotua.

Hesabu ya mezani

Ndege kubwa inayotua hutegemea vitu vitatu. Kwanza ni flapu, yaani vibao vya nyuma ya mabawa. Kadiri vinavyoshushwa zaidi ndivyo ndege inavyoweza kugusa ardhi kwa kasi ndogo. Pili ni rivasi ya injini, inayogeuza msukumo uelekee mbele. Tatu ni breki za magurudumu.

Desemba 1996 Qantas ilibadili utaratibu kwa marubani wa Boeing 747-400. Flapu zikapendekezwa ziishie nyuzi 25 badala ya 30, na rivasi itumike kwa nguvu ya chini kabisa. Lengo lilikuwa kupunguza gharama za matengenezo. Breki za kaboni huchakaa zaidi kwa idadi ya mara zinapotumika kuliko kwa ukali wa kukazwa, hivyo kuziachia mzigo mkubwa zaidi hakukuonekana kuwa hasara.

Kwenye njia ndefu na kavu hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Ndege zilitua mwaka baada ya mwaka bila tatizo, na nafuu ikaonekana vitabuni. Lakini breki hutegemea tairi kushika lami, na tairi haliwezi kushika lami iliyofunikwa na maji. Rivasi haijali maji, na ndiyo iliyokuwa imepunguzwa.

Mvua ya Bangkok

Usiku huo ndege ya safari QF1 kutoka Sydney kwenda London ilikuwa inatua Don Mueang, uliokuwa uwanja mkuu wa kimataifa wa Bangkok. Ilikuwa na abiria 391 na wafanyakazi 19. Mvua kubwa ilikuwa inanyesha juu ya uwanja. Ndege nyingine ya Qantas iliyotangulia ilishindwa kuona vizuri ikaacha kutua, lakini marubani wa QF1 hawakuwa na habari hiyo.

Rubani msaidizi ndiye aliyekuwa akiendesha. Ndege ilikuja juu zaidi na kwa kasi kubwa kuliko ilivyokusudiwa. Rubani mkuu alipoona mvua imeziba upeo wa macho, aliamuru ndege ipande tena, na msaidizi akaongeza nguvu za injini. Papo hapo magurudumu yakagusa ardhi na njia ikaonekana, rubani mkuu akabadili nia. Akarudisha mikono ya nguvu nyuma bila kutamka neno. Mkono wa injini moja ukasahaulika mbele kwa sekunde kadhaa, na breki za kujiendesha zikazimika.

Njia ilikuwa na urefu wa mita 3,150, na zaidi ya 1,000 zilikuwa zimekwisha kupita kabla ya magurudumu kugusa lami. Katika mtafaruku ule rivasi haikutumika kabisa. Matairi yakateleza juu ya maji. Ndege ikatoka mwisho wa njia kwa mwendo wa takriban kilomita 160 kwa saa, ikagonga antena za kuongozea ndege, ikaburura matope na kusimama pua yake ikiwa kando ya barabara ya uwanja. Hakuna aliyekufa wala kujeruhiwa vibaya.

Walichokiona wachunguzi

Ofisi ya Usalama wa Usafiri ya Australia, katika ripoti yake ya mwaka 2001, haikuishia kwa marubani. Ilieleza kuwa utaratibu wa mwaka 1996 ulipitishwa kwa kupima zaidi faida za kifedha, bila tathmini kamili ya hatari zake. Pia marubani hawakuwa wameandaliwa vya kutosha kutua kwenye njia iliyojaa maji. Mtu aliyezoea njia moja kila siku hawezi kutegemewa kukumbuka nyingine ndani ya sekunde tatu za hofu.

Qantas ilibadili utaratibu huo. Ndege yenyewe ilitengenezwa na kurudi kazini, kwa gharama ambayo taarifa za wakati ule zilikadiria kuwa karibu dola milioni 100 za Australia. Wengi walisema fedha hizo zilitolewa ili kulinda sifa ya shirika ambalo halikuwa limepoteza ndege yoyote katika zama za jeti. Kwa vyovyote vile, nafuu ya breki na rivasi ilikuwa ndogo kando ya bili hiyo.

Funzo kwa mwenye hisa

Nafuu ya gharama huandikwa kwenye hesabu kila mwaka, mahali pake pakijulikana. Hatari iliyonunuliwa pamoja nayo haina mstari kwenye mizania hadi siku mvua inaponyesha. Kwa hiyo miaka mitatu ya faida bila ajali si ushahidi kuwa uamuzi ulikuwa mzuri. Pengine ni kwamba siku mbaya haijafika tu.

Mwekezaji mdogo hana haja ya kuwa mhandisi. Katika mkutano mkuu wa mwaka anaweza kuuliza maswali matatu. Nafuu hii imepatikana kwa kupunguza kitu gani? Kitu hicho kilikuwa kinga ya siku ipi? Na siku hiyo ikija, wafanyakazi wamezoezwa kufanya nini?

Mfanyabiashara mwenye lori moja ajiulize hayo hayo anapoahirisha kubadili matairi hadi baada ya masika. Wahenga walisema rahisi ghali. Ghali hiyo huchelewa, lakini ikifika hailipwi kwa awamu.