Gari kongwe si mkweche

Wahenga waliotuachia methali walikuwa na kauli mbili juu ya mambo mapya. Kwa upande mmoja walikiri kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa upande wa pili walituonya kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kwa miaka mingi nimezifundisha methali hizi darasani, nikiwaeleza wanafunzi kwamba ukambaa ni kijikamba chembamba kilichosukwa kwa majani, na kwamba hata ukiwa mpya hauwezi kuifikia kamba iliyochakaa. Sikudhani kwamba siku moja methali hizo mbili zingenijia nyumbani, moja ikinivuta huku na nyingine kule, kwa sababu ya gari.

Naam, gari. Miaka minne iliyopita nilinunua Peugeot 404 iliyoundwa mwaka 1967, chombo kinachonizidi umri kwa zaidi ya mwongo mmoja. Sikuinunua kwa kukosa usafiri. Ninalo gari dogo la Kijapani linalonifikisha chuoni kila asubuhi bila maneno. Niliinunua kwa uraibu tu. Na msomaji atakumbuka kwamba neno hilo uraibu hubeba maana mbili, burudani ya wakati wa faragha na tabia ambayo mtu hawezi kuiacha. Mwenzangu nyumbani, ambaye ni mwalimu wa hesabu, aliichukua maana ile ya pili.

"Baba watoto," aliniuliza, "unataka kununua gari, ama unataka kununua utoto wako?"

Sikuwa na jibu, maana alikuwa amelenga shabaha. Nilizaliwa Taita, na katika miaka ya themanini mwalimu mkuu wa shule yetu alikuwa na Peugeot 404 nyeupe iliyopanda zile kona za kutoka Mwatate hadi Wundanyi ikinguruma kwa sauti ya chini, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema. Sisi watoto tuliijua kabla hatujaiona. Mwishowe mimi na mwenzangu tulifanya mapatano: shilingi laki mbili na nusu kutoka akiba yetu, wala si senti moja zaidi, na iwapo siku moja gari hilo lingegusa karo ya watoto, lingeuzwa wiki iyo hiyo.

Huenda vijana wanaosoma ukurasa huu hawajui 404 ilikuwa nini. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na wasanii wa Pininfarina wa Italia, na kwao Ufaransa iliundwa hadi 1975. Injini yake ya kawaida ina sentimita za ujazo 1618, nayo imelazwa ubavu kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Mkono wa gia umo kwenye shina la usukani. Hapa kwetu ilijipatia jina katika mbio za Safari, ambazo ilizishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika mwaka 1963, na tena 1968, mvua na matope viliyaangusha magari mengine hata yakamaliza saba tu, na katika miaka hiyo miwili Nick Nowicki ndiye aliyetangulia. Mbio za 1967, mwaka lilipoundwa gari langu, zilishindwa na Bert Shankland wa Tanzania. Kwa hivyo aliyeinunua 404 zama hizo alinunua chombo kilichokwisha kufanya mtihani katika barabara zetu wenyewe na kufaulu.

Kujua historia, hata hivyo, si kujua kununua. Gari la kwanza nililoonyeshwa liling'aa kama kioo. Rangi ilikuwa mpya, viti vipya, na muuzaji alikuwa na haraka. Nilikuwa tayari kutoa pesa lau si mzee mmoja, fundi wa jua kali karibu na barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, niliyemwomba anisindikize. Hakuifungua hata injini. Alitoa mfukoni kipande cha sumaku kilichofungwa kwa kitambaa, akakipitisha polepole ubavuni mwa gari. Penye chuma sumaku ilishika. Chini ya milango haikushika kabisa, ikaanguka mkononi mwake. Pale chuma kilikuwa kimeliwa na kutu, na tundu zikazibwa kwa lile tope ambalo mafundi huliita puti, kisha rangi ikapakwa juu.

"Daktari," akaniambia, "hili si gari. Hiki ni chungu kilichopakwa rangi."

Hapo ndipo nilipoelewa kidonda cha ile methali ya kwanza. La pili, ambalo ndilo nililolinunua, lilikuwa baya wa sura: rangi imefifia, kiti cha dereva kimepasuka, na kuku walikuwa wamelala ndani yake. Lakini sumaku ilishika kila mahali, sakafu ilikuwa nzima, na injini ilizunguka tulipoitia hendeli. Kubwa kuliko yote, mwenyewe alikuwa na kitabu cha usajili, na nambari iliyochongwa kwenye chuma ililingana na iliyoandikwa kitabuni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kuwa kanuni za nchi yetu kwa jumla haziruhusu kuagiza kutoka nje gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane, magari ya aina hii tuliyo nayo ni yale tuliyorithi, na lisilo na hati ni mzigo hata likiwa zima.

Nikiri pia kosa langu. Katika mwezi wa tatu, kwa kuona uvivu wa kuvuka jiji hadi kwa mzee yule, nililipeleka gari katika gereji nyingine karibu na kwangu likabadilishwe mafuta. Vijana walifanya kazi kwa bidii na usafi, nao walitia katika difu mafuta yanayotiwa katika difu za kisasa. Mzee alipopata habari alinyamaza kwa muda, kisha akaniamuru niyamwage siku hiyo hiyo. Difu ya 404, alinieleza, haifanyi kazi kama nyingine. Ndani yake mna parafujo ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba, na baadhi ya dawa zinazotiwa katika mafuta ya difu za kisasa huila shaba hiyo kimyakimya. Hakuna dalili yoyote ambayo ningeiona, hadi siku ambayo gari lingesimama njiani lisiende tena.

Nilimwuliza ameyasoma wapi hayo. Hakuwa ameyasoma. Aliambiwa na fundi aliyemfunza kazi katika miaka ya sitini, naye amewaambia vijana kadhaa ambao wote wameacha kazi hiyo.

Tangu siku ile nilianza kwenda kwake na daftari. Mimi ni mtu wa isimu, na masikio yangu hayawezi kupumzika. Nilijua tangu zamani kwamba lugha ya gari ni historia ya pwani na bara: gari lenyewe tumelipata katika lugha za Kihindi, usukani, wenye asili ya Kiarabu, uliongoza jahazi karne nyingi kabla ya kuongoza motokaa, na breki, gia na tairi zimetoka kwa Waingereza. Nisichokijua ni jinsi mzee huyu alivyoyatumia maneno hayo kutambua ugonjwa. Injini kwake "hukohoa" mafuta yakiwa machache, "husongwa" mafuta yakizidi, na "huota" taimingi ikiwa imepotea. Tanakali za sauti ambazo sisi huzifundisha kama mapambo ya insha, yeye huzitumia kama daktari atumiavyo kipimo. Vali zikilegea husema ta-ta-ta. Beringi ikifa husema du-du-du. Na anayeshindwa kuzitofautisha atafungua injini nzima bure. Katika miaka minne nimenukuu istilahi zake zaidi ya mia mbili. Nyingi sijazikuta katika kamusi yoyote niliyo nayo.

Mwaka uliopita macho yake yaliingia ukungu. Haoni tena alama ndogo za kipimo, na mikono inatetemeka. Nilihofu kwamba hapo ndipo uraibu wangu ungekoma. Badala yake, Jumamosi moja nilimchukua binti yangu wa kidato cha tatu. Mzee aliketi kwenye kigoda, akampa vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi ya vali, akamwelekeza kwa sauti.

"Kikipita bure, mjukuu wangu, nafasi ni kubwa. Kikikwama, umebana. Tafuta kinapopita huku kinanung'unika kidogo."

Binti alirudia mara sita. Kisha tukaiwasha injini, na mzee akainamisha kichwa kusikiliza. "Vali ya tatu bado," akasema. Binti akaifungua tena. Ilikuwa kweli.

Sitamdanganya msomaji kwamba uraibu huu una faida ya fedha. Gari hunywa petroli, vipuri hutafutwa kama dawa ya kienyeji, na siwezi kulitegemea kunipeleka kazini katika msongamano wa Nairobi. Sijawahi pia kulipeleka katika yale mashindano ya umaridadi wa magari yanayofanyika uwanja wa farasi wa Ngong, ambako waamuzi huchungulia hadi uvunguni. Kiti cha dereva kingali kimepasuka. Lakini karo haijaguswa, na mwalimu wa hesabu siku hizi huketi mbele bila kuombwa.

Nimalizie kwa somo la msamiati. Gari kuukuu ni lile lililochakaa. Mkweche ni lile lililochakaa na kutelekezwa. Gari kongwe ni lile lililochakaa likapata mtu anayelijua. Tofauti baina ya hayo matatu haimo katika chuma, imo katika fundi. Enyi walimu wenzangu, karibu na kila shule yenu yupo mzee mmoja wa aina hii: wa magari, wa saa, wa cherehani au wa redio. Wapelekeni wanafunzi kwake wakiwa na daftari na kalamu. Methali zetu tumekwisha kuzichapisha vitabuni. Maneno ya mzee huyo hayajachapishwa popote, na macho yake hayatatungoja.