Jirani Akihama, Haki Yake Haihami

Wanavyuoni wamewagawa majirani mafungu matatu. Yuko mwenye haki tatu, ambaye ni jirani, Muislamu na jamaa wa damu. Yuko mwenye haki mbili, ambaye ni jirani na Muislamu. Na yuko mwenye haki moja, ile ya ujirani pekee, kwa kuwa si wa dini yetu. Fungu hili la mwisho ndilo tulisahaulo upesi, na mji wa Essaouira, ulioko pwani ya Atlantiki nchini Moroko, una mengi ya kutukumbusha.

Mji huo, ambao Wazungu waliuita Mogador, ulijengwa kuanzia mwaka 1764 kwa amri ya Sultani Sidi Muhammad bin Abdallah. Sultani alitaka bandari ambayo biashara ya Ulaya ingepita mbele ya macho yake. Akazichagua familia za Kiyahudi zilizobobea katika biashara, akazipa makazi ndani ya kasba pamoja na mtaji, na wakuu wao wakaitwa wafanyabiashara wa Sultani. Zikatoka ngozi za mbuzi, lozi, na manyoya ya mbuni yaliyovushwa Sahara kwa misafara ya ngamia. Zikaingia nguo za pamba, sukari na majani ya chai. Kuna nyakati Mayahudi walikaribia nusu ya wakazi wa mji.

Ujirani huo haukuishia bandarini. Mafundi wa fedha wengi walikuwa Mayahudi, na bibi harusi wa Kiislamu alipambwa kwa vikuku na vipuli vilivyofuliwa na mikono yao. Mwishoni mwa karne ya 19, mama wa Kiyahudi aitwaye Stella Corcos alifungua mjini humo shule ya mabinti wa jamii yake waliokuwa mafukara.

Hata hivyo, uadilifu watutaka tuseme na machungu. Mwaka 1807 Sultani Mulay Sulayman aliamuru Mayahudi wakae katika mtaa wao uliozungushiwa ukuta, uitwao mellah. Matajiri wachache walibaki kasba. Wanyonge walirundikana humo. Na mwaka 1844, manowari za Ufaransa zilipoupiga mji mizinga, watu wa makabila ya jirani waliingia wakapora, na Mayahudi wakaumia sana. Siku hiyo haki ya jirani ilivunjwa na watu wenye kusali.

Baada ya mwaka 1948 Mayahudi walianza kuhama kwa wingi, wengine wakaenda Israel, wengine Ufaransa na Canada. Leo waliobaki Essaouira wahesabika kwa vidole.

Lakini makaburi yao yangalipo, yameelekea bahari, na kila mwaka vizazi vyao hurejea kuzuru kaburi la Rabi Haim Pinto, aliyefariki mwaka 1845. Sinagogi ya Simon Attias imekarabatiwa na kuwa Bayt Dakira, yaani Nyumba ya Kumbukumbu, ambayo Mfalme Muhammad wa Sita aliizuru Januari 2020. Katiba ya Moroko ya mwaka 2011 nayo imetaja mchango wa Kiyahudi kuwa sehemu ya utambulisho wa taifa.

Yako wapi mafunzo? Mtume wetu (S.A.W.) alisimama lilipopitishwa jeneza la Myahudi, na alipoulizwa, akakumbusha kuwa naye ni nafsi. Ikiwa maiti ana heshima hiyo, aliye hai ana zaidi.

Enyi mama na mabinti, nasi katika mitaa yetu tunao majirani wasiokuwa wa dini yetu. Mtoto anayetumwa kwao na sahani iliyofunikwa kawa wakati wa Ramadhani hujifunza haki ya jirani kabla hajaisoma chuoni. Na anayesikia wakitukanwa nyuma ya mlango, pia hujifunza. Tuchunge tunachomfunza, kwani jirani aweza kuhama kesho, bali namna tulivyokaa naye tutaulizwa.