Mbegu ya jike tu: ijue mashine kabla hujalipia mrija



Siku hizi wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wakikutana, lazima itajwe "mbegu ya jike tu". Ni ile mbegu ya uhimilishaji iliyotenganishwa jinsia, ambayo kati ya ndama 10 wanaozaliwa, takriban 9 ni majike. Kwa anayeuza maziwa, hiyo ni habari tamu. Lakini mrija wake ni ghali kuliko ule wa kawaida, na wapo wanaoununua, ng'ombe hashiki mimba, kisha wanasema wametapeliwa. Mara nyingi hakuna utapeli. Mtu amenunua kitu bila kujua kimetengenezwaje. Leo tuingie maabara kidogo, halafu turudi zizini.

Mashine yenyewe

Teknolojia hii inaitwa flosaitometri. Seli zinapitishwa kwenye mkondo mwembamba wa maji, moja moja, mbele ya mwanga wa leza. Kila seli ikipita, mashine inasoma mwanga unaorudi na kujua hiyo ni seli ya aina gani. Inasoma maelfu kwa sekunde moja.

Mwaka 1965 Mack Fulwyler wa maabara ya Los Alamos, Marekani, alitoa mbinu ya kutenganisha seli kwa kutumia matone yenye chaji ya umeme. Chuo kikuu cha Stanford, chini ya Leonard Herzenberg, kikaiendeleza mbinu hiyo kwa ajili ya utafiti wa kinga ya mwili. Wizara ya Kilimo ya Marekani nayo, katika kituo chake cha Beltsville, ilikuwa na mtafiti Larry Johnson, na mwaka 1989 timu yake ikatangaza kuzaliwa kwa sungura kutokana na mbegu zilizotenganishwa. Kutoka hapo teknolojia ikasogea Fort Collins, Colorado, ambako mwaka 1996 kampuni ya XY ilianzishwa kwa ushirikiano na Colorado State University ili kuipeleka kwa wafugaji. Kwa hiyo mrija unaoletewa zizini umeanzia kwenye maabara za utafiti.

Na maabara hizo zina utaratibu wa kuiga. Mashine ya kutenganisha seli ni ghali mno, kila idara haiwezi kuwa na yake. Chuo kinaiweka kwenye maabara moja ya pamoja. Mtafiti anajiandikisha, analipia muda anaotumia, na wataalamu wa pale wanamsaidia. Akitaka kuitumia mwenyewe, anafundishwa kwanza, ndipo anaruhusiwa kuigusa. Ni kama trekta la ushirika: moja, linatunzwa vizuri, linalimia wengi, na haliendeshwi na kila aliyeona usukani.

Wanajuaje hii ni ya jike?

Mbegu ya dume ya ng'ombe ipo ya aina mbili. Ya X inaleta jike, ya Y inaleta dume. Ya X ina DNA nyingi zaidi kwa karibu asilimia 4. Tofauti ni ndogo, lakini mbegu zikitiwa rangi inayoshika DNA, ya X inang'aa zaidi kidogo mbele ya leza. Mkondo unakatika matone, tone lenye mbegu ya X linapewa chaji ya umeme, na linavutwa kuingia kwenye chombo chake. Zile ambazo mashine haina uhakika nazo zinatupwa.

Sasa shika hapa. Mbegu hizo zimetiwa rangi, zimepigwa leza, zimesukumwa kwa presha, kisha zikagandishwa. Zimechoka. Na kwa kuwa nyingi hutupwa, mrija mmoja mara nyingi una mbegu milioni 2 hadi 4 tu, wakati wa kawaida unaweza kuwa na milioni 10 hadi 20. Ni chache, na zinaishi muda mfupi zaidi ndani ya ng'ombe. Ndiyo maana makosa ambayo mbegu ya kawaida inayavumilia, hii haiyavumilii.

Piga hesabu

Tuseme una mitamba 10 iliyotunzwa vizuri, na kwa mbegu ya kawaida 6 wanashika mimba. Utapata ndama majike 3 hivi. Kwa mbegu ya jike, tukadirie ushikaji unashuka hadi asilimia 80 ya ule wa kawaida: watashika karibu 5, na majike ni 4. Umeongeza jike mmoja. Je, thamani yake inazidi nyongeza ya bei ya mirija yote 10? Piga kwa bei za kwenu.

Sasa chukua zizi lenye lishe mbovu, ambako kwa kawaida wanashika 3 tu kati ya 10. Kwa mbegu ya jike watashika 2 hivi. Umelipia mirija 10 ya bei kubwa kwa ndama wawili, na kila ambaye hakushika unamsubiri siku 21 nyingine ukimlisha. Hapo hela imezama.

Kabla hujalipia

- Anza na mitamba. Inashika vizuri kuliko ng'ombe waliokwisha kuzaa, na ndama jike huwa mdogo, kwa hiyo uzazi ni mwepesi.
- Mtamba awe amefikia angalau asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mkubwa wa aina yake. Usitazame umri peke yake.
- Kagua joto asubuhi na jioni kila siku, na uandike saa. Anayesimama apandwe na wenzake bila kukimbia ndiye aliye tayari. Muda wa kuhimilisha mkubaliane na mtaalamu wako, maana hapa saa chache zina uzito.
- Muulize mtaalamu mtungi wa naitrojeni ulijazwa lini. Mbegu inahifadhiwa kwenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri. Ikiyeyuka kidogo na kugandishwa tena, imekwisha.
- Ng'ombe aliyekataa mara mbili usimpe mbegu hii. Apimwe kwanza.

Kama zizi lako halijafika hapo, hakuna aibu. Mbegu za kawaida zipo, zikiwemo zinazozalishwa NAIC, Usa River, Arusha. Tengeneza lishe na daftari la kumbukumbu kwanza, ushikaji ukipanda ndipo ununue ya jike.

Mashine imeshachagua jinsia. Mimba bado inategemea pumba, madini, maji, na jicho lako asubuhi. Kazi njema, tukutane shambani.