Binti Yako na Kazi ya Kupima Macho

Mama mmoja wa kwaya yetu hapa Mikumi alikuwa na sauti ya kwanza ambayo watu waliitambua hata wakiwa bado nje ya kanisa. Alipokaribia miaka 45 alianza kuushika mbali ukurasa wa nyimbo, akaurefusha mkono mpaka mkono ukamwishia. Tulimtania, kama wanawake wanavyotaniana. Siku moja akateremka stendi, pale mabasi ya Iringa na Mbeya yanaposimama, akanunua miwani kwa kijana anayetembeza. Alijaribu tatu zikamkataa, ya nne ikamkubali. Jumapili iliyofuata aliimba bila kurefusha mkono, nasi tukamshukuru Mungu.

Baada ya miaka mitatu akaanza kujikwaa. Aligonga mabenchi, akamimina chai pembeni mwa kikombe, akapita karibu na watu bila kuwasalimu hata wakadhani amewanunia. Alipotueleza sisi wauguzi anaosali nao, tulimjibu kwamba ni umri, akatafute miwani yenye nguvu zaidi. Neno hilo tunalikumbuka kwa aibu.

Aliyemsaidia ni binti yake, aliyekuwa kidato cha tatu. Alimshika mama mkono wakapanda basi mpaka mjini Morogoro, mwendo wa kilomita zipatazo 120. Huko hospitalini, kabla ya kuonana na daktari, mama alipimwa na dada mmoja kijana, mtaalamu wa optometria. Dada yule alimpima taratibu, akamulika ndani ya jicho, akapima na mgandamizo wake, kisha akaandika barua na kumpeleka kwa daktari siku ile ile. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kupoteza nuru. La kulia lilibakiwa na uwezo kiasi, na mpaka leo linalindwa kwa dawa ya matone ya kila siku.

Binti alirudi nyumbani na neno moja: "Mama, mimi nataka kazi ya yule dada."

Nyumba ikagawanyika. Baba alitaka binti awe mwalimu, afundishe hapa hapa wilayani Kilosa na aolewe karibu. Mama naye, pamoja na yote yaliyompata, aliuliza: "Nilime ufuta mwaka mzima ili mwanangu akasomee kuuza miwani?" Wakatuita tuseme neno. Kwa kweli hatukuwa na jibu, ingawa tumefanya kazi wodini kwa miaka mingi. Tukaomba muda tukaulize. Wenzetu, haya ndiyo tuliyojifunza, na tunawaletea kwa sababu tunajua nyumba nyingi zina binti wa namna hii.

Si kazi ya kuuza miwani

Wanaohudumia macho hospitalini ni wengi, na sisi wenyewe huwachanganya. Yuko daktari bingwa wa macho, ambaye amesomea udaktari kwanza kisha akaongeza masomo ya macho. Huyu ndiye anayepasua mtoto wa jicho na kutibu magonjwa mazito. Yuko muuguzi wa macho. Yuko fundi anayekata lenzi na kuziweka kwenye fremu. Na yuko mtaalamu wa optometria. Kazi yake ni kupima uwezo wa kuona, kutambua aina ya lenzi inayomfaa kila mtu, na kugundua dalili za ugonjwa ili mgonjwa afike kwa daktari mapema.

Hilo la mwisho ndilo linaloitofautisha kazi hii na sanduku la miwani la stendi. Hatumlaumu kijana yule. Mtu ambaye shida yake ni umri tu, miwani ya kusomea humsaidia kweli. Tunapovuka miaka 40, lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, na kutunga uzi kwenye sindano au kuchambua mchele huwa taabu. Lakini miwani haimwambii mtu kwamba nyuma ya tatizo la umri kuna tatizo la pili. Presha ya macho kwa kawaida haiumi. Huanza kula pembeni mwa uwezo wa kuona, polepole, na mgonjwa huendelea kusoma Biblia yake akidhani yu mzima. Kilichopotea hakirudi, si kwa dawa wala kwa upasuaji. Kinachowezekana ni kuokoa kilichobaki, na ndiyo maana kupimwa mapema kuna thamani kubwa.

Haja iko mlangoni petu

Mwaka 2006 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika vijijini Kongwa, huko huko kaskazini yetu. Katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, zaidi ya 60 walikuwa na shida ya kuona karibu, na wachache sana walikuwa na miwani. Mwaka 2024 ukatolewa utafiti mwingine wa Bangladesh. Watu wa vijijini waliopewa miwani ya kusomea waliongeza kipato chao kwa kiasi cha theluthi moja kuliko wale ambao hawakupewa. Akina mama tunaoshona, tunaosuka ukili na tunaochagua mbegu hatuhitaji kuelezwa sababu yake.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kwamba angalau bilioni 1 kati yao wana shida ambayo ingezuilika au bado haijashughulikiwa. Huku kwetu tunaongeza na yetu: vikope vinavyokwaruza jicho mpaka linapofuka, na usubi unaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Tena, katika nchi nyingi wanawake wenye upofu ni wengi kuliko wanaume, na bado wanawake hufikishwa hospitalini kwa shida zaidi. Nauli ya baba hupatikana upesi, ya mama husubiri mavuno.

Siku yake ya kazi

Chumba cha mtaalamu huyu huwa kirefu, kwa sababu chati ya kupimia husomwa kwa umbali wa mita 6. Mahali padogo hutumia kioo. Asiyejua kusoma huonyeshwa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye huonyesha kwa vidole miguu yake imeelekea wapi. Kisha huja fremu ya majaribio ambamo lenzi hubadilishwa moja moja: "Hii au ile? Sasa je?" Kwa mtoto asiyeweza kujieleza kuna retinoskopu, taa ndogo inayomwonyesha mpimaji jinsi mwanga unavyorudi kutoka ndani ya jicho, bila mtoto kutamka neno.

Hospitalini hapiti mgonjwa wa miwani peke yake. Huletwa mgonjwa wa kisukari, maana sukari huharibu mishipa midogo ya nyuma ya jicho. Huletwa anayetumia dawa za kifua kikuu, kwa kuwa mojawapo ya dawa hizo huweza kudhuru uwezo wa kuona na wa kutofautisha rangi. Huletwa mwanafunzi aliyeitwa mvivu kumbe haoni ubao. Kwa hiyo binti anayeifaa kazi hii ni yule mwenye subira, anayesikiliza, asiyechoka kuuliza swali lile lile kwa upole mara ishirini. Anayependa harakaharaka atawachosha wagonjwa na kujichosha mwenyewe.

Njia ya kufika

Msingi huwekwa mapema. Binti aelekee masomo ya sayansi, na katika mtihani wa kidato cha nne afaulu Biolojia, Kemia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza visiachwe nyuma. Wengi huiacha Fizikia kidato cha pili kwa kuambiwa ni somo la wavulana. Wazazi, hapo ndipo mlango hufungwa, na kuufungua tena ni kazi. Fizikia ndiyo inayoeleza jinsi lenzi inavyopinda mwanga.

Stashahada ya optometria huchukua miaka mitatu. Chuo kinachojulikana zaidi nchini kiko KCMC, Moshi, hospitali ya kanisa iliyofunguliwa mwaka 1971. Sifa kamili za kujiunga hutolewa kila mwaka katika kitabu cha mwongozo cha NACTVET. Kisomeni wenyewe, msitegemee maneno ya watu. Baada ya masomo, mhitimu huandikishwa na Baraza la Optometria lililo chini ya Wizara ya Afya, na ndipo anaporuhusiwa kupima watu.

Kuhusu ada, kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada katika kozi maalumu, zikiwamo baadhi za afya. Angalieni mwongozo wa mwaka binti anapoomba. Mkopo ni deni, atalirejesha, hivyo aufahamu kabla ya kutia sahihi.

Yanayowatia wazazi hofu

La kwanza ni umbali. Moshi si jirani na Mikumi, na mama hujiuliza nani atamwangalia. Tunashauri mzazi mmoja amsindikize safari ya kwanza, aone bweni, na amkabidhi kwa usharika wa huko.

La pili ni ajira. Hatutaki kuwadanganya: si kila anayehitimu huajiriwa mwaka ule ule, serikalini wala katika hospitali za makanisa. Lakini ni ujuzi unaohitajika kila wilaya, nao haumezwi na umri. Jicho la mpimaji likichoka, yeye ndiye wa kwanza kujua miwani ipi imfae.

La tatu ni ndoa. Baba alisema, "Atasoma mpaka atazeeka." Tulimhesabia: akimaliza kidato cha nne na miaka 18, atakuwa na stashahada kabla ya kufika miaka 23. Baba akacheka mwenyewe.

Walivyoamua

Shamba halikuuzwa. Ufuta wa msimu uliuzwa, kikundi chetu cha hisa kikakopesha sehemu, na mkopo ukaombwa. Sasa binti yuko mwaka wa pili. Likizo ya kwanza hakuja na miwani wala chati. Alikuja na agizo. Alikuwa amejifunza kwamba presha ya macho huandama ukoo, akakataa kula mpaka baba akubali kuwapeleka kaka zake wawili wakapimwe, naye akapimwa pamoja nao. Kaka mkubwa alikutwa ana dalili za mwanzo. Ameanza matone yake akiwa bado anaona kila kitu.

Mama bado anaimba. Ijumaa tunamsomea beti za wimbo mpya, naye huzishika kichwani kabla ya Jumapili.

Tunapomtazama pale kwenye safu ya mbele tunamkumbuka Bartimayo kando ya njia ya Yeriko. Alipopaza sauti, waliokuwa karibu naye walimkemea anyamaze. Bwana alisimama, akaagiza aitwe, akamwuliza anataka nini. Sisi tulikuwa miongoni mwa wale waliokemea. Mama yetu alisema haoni, tukamjibu ni umri. Mtoto wa shule ndiye aliyesimama na kusikiliza.

Basi, mama mwenzetu, mtazame wa kwako. Anayekisogeza kitabu puani, anayekunja uso akitazama ubao, anayelalamika kichwa kila jioni, mpeleke akapimwe. Ukiona weupe ndani ya mboni ya mtoto mdogo, usingoje hata wiki. Na kama yuko binti jikoni kwako asemaye anataka kuwapima watu macho, usimwambie ni kuuza miwani. Mwulize kwanza anaendeleaje na Fizikia.