Kumchunguza Mtoto Aliyefariki Bila Kumpasua

Mada yetu ya leo ni nzito, lakini ina faida.

Mtoto mchanga akifariki, mara nyingi huzikwa upesi na swali hubaki nyumbani: alikufa kwa nini? Majirani wananong'ona, mama anajilaumu. Daktari akitaja kupasua, familia inakataa. Hatushangai. Ni mzazi gani anayetaka mtoto wake aguswe na kisu?

Je, kuna njia nyingine? Ndiyo, mama.

Ya kwanza ni picha. Mashine ya MRI hutumia sumaku, na ile ya CT hutumia eksirei, kuonyesha ubongo, moyo na mifupa bila kukata. Mwaka wa 2013 madaktari wa Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi wa vifo 400 vya watoto, wakiwemo waliofia tumboni. Picha za MRI pamoja na vipimo vya damu vilikubaliana na upasuaji kwa karibu 9 kati ya kila 10. Lakini picha haionyeshi vijidudu, na mashine hizi ni ghali.

Ya pili ni sindano. Hapa Kenya, mradi wa CHAMPS umeitumia Kisumu na Siaya. Wazazi wakikubali, daktari huchukua damu kidogo na vipande vidogo mno vya mapafu, ini na ubongo. Kisha mwili hurudishwa ukazikwe. Majibu yameonyesha kwamba mara nyingi mtoto huwa na maradhi zaidi ya moja, na kwamba vifo vingi vingezuilika.

Faida yake ni nini? Ni mtoto atakayefuata. Ikijulikana kwamba moyo ulikuwa na kasoro, mimba ijayo itapimwa mapema.

Basi msiba ukikupata, fanya haya:

1. Muulize daktari: "Mtoto wangu alikufa kwa nini?"
2. Uliza kama kuna uchunguzi usiohitaji kupasua, gharama yake, na majibu yatatoka lini. Uliza mapema, kabla ya mazishi.
3. Tunza kijitabu cha kliniki, ukipeleke ukipata mimba tena.

Una haki ya kukubali au kukataa, isipokuwa sheria ikidai kifo kichunguzwe.

Mama, kuuliza si kumkosea heshima marehemu.